Barbados Juu ya Bamba la Shaba

Ramani ya kwanza kuchapwa ya kisiwa cha Barbados peke yake ilitoka London mwaka 1657, ikiwa imekunjwa ndani ya kitabu cha Richard Ligon kuhusu historia ya kisiwa hicho. Ukiitazama kwa mbali unaona kipande cha nchi katikati ya bahari, merikebu, kipimo cha maili, na majina mengi yaliyobanana ufukweni. Sogea karibu, au chukua kioo cha kukuzia, nayo inaanza kusema mengine. Wamo ngamia. Wamo nguruwe mwitu. Yuko Mzungu juu ya farasi, bunduki ameielekeza mbele, na mbele ya bunduki watu wawili weusi wanatimua mbio.

Ukatili wa visiwa vya miwa tumeusoma kwingi, hivyo si huo peke yake unaonifanya nirudi kwenye picha ile. Kinachonishika ni kazi ya mkono. Mistari ya wale wakimbiaji ni michache mno lakini inatosha: unajua nani anafukuza na nani anafukuzwa, na unajua pia kwamba jambo lenyewe lilikuwa la kawaida kiasi cha kuwekwa kwenye ramani pamoja na mifugo, kujaza nafasi ya bara. Mtu aliyelichonga alikuwa fundi, na fundi huyo alitumia kwa watoro ncha ile ile na kina kile kile alichotumia kwa majina ya mabwana wa mashamba. Ili kujua hilo lina uzito gani inabidi kuingia karakanani na kukaa kidogo.

Kuanzia karne ya 16 hadi mwanzoni mwa karne ya 19, ramani nyingi za Ulaya zilizaliwa kwenye shaba nyekundu. Bamba lilianza kwa nyundo. Fundi wa shaba aliligongagonga likiwa baridi, kwa sababu shaba iliyogongwa hukaza, na shaba laini mno humsaliti mchongaji: kalamu huzama ghafla pale ambapo hakutaka. Baada ya nyundo ilikuja kazi ya kusugua, kwanza kwa jiwe, kisha kwa mkaa na maji, mwisho kwa mafuta na chuma laini, mpaka uso wa bamba ukawa hauna hata mkwaruzo. Hapo hapakuwa na kulipua, maana mkwaruzo wowote ulioachwa ungenywa wino na kutokea kwenye kila karatasi, na msomaji wa London angedhani kuna mto mahali ambapo hapana kitu.

Kisha bamba lilipashwa moto na kupakwa nta nyeupe, utando mwembamba tu. Mchoro wa mpima ardhi ulikuwa umekwisha kunakiliwa kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi nyepesi. Sasa ulilazwa kifudifudi juu ya nta na kusuguliwa polepole kwa mgongo wake. Risasi ikabaki kwenye nta. Ndipo pwani yote ilipogeuka. Mashariki ikaenda magharibi, magharibi ikaja mashariki, na kila jina likawa linasomeka kutoka kulia, herufi zenyewe zikiwa zimepeana migongo. Mchongaji wa ramani aliishi katika dunia hiyo iliyopinduliwa saa zote za kazi. Aliandika Kiingereza kinyume kwa wepisi ule ule ambao wenzake walikiandika sawasawa, tena kwa mwandiko mzuri kuliko wao.

Kalamu yake ilikuwa kipande cha chuma cha pua chenye pembe nne, ncha imekatwa mshazari, na ilibidi inolewe mara kwa mara kutwa nzima. Upande wa pili ulikuwa na mpini mfupi wa mbao, bapa upande wa chini ili usikwaruze bamba. Mpini unakaa kiganjani, kidole cha shahada kinalala juu ya chuma. Nguvu za bega hazihitajiki hapo. Mkono unasukuma taratibu, na shaba inatoka mbele ya ncha katika unyuzi unaojikunja. Ukizamisha ncha, mstari unanenepa. Ukiinua kidogo, unakonda mpaka unayeyuka. Uzuri wote wa herufi za ramani za kale umo katika kuzamisha na kuinua huko, unene na wembamba ndani ya mkunjo mmoja.

Na mkunjo wenyewe haupatikani kwa kupinda kalamu. Bamba linawekwa juu ya mto wa ngozi uliojazwa mchanga, na mkono wa kushoto ndio unaolizungusha, kama mfinyanzi azungushavyo chungu, huku kalamu ikikaa karibu pale pale. Kila ghuba ya Barbados ya mwaka 1657 ilipatikana kwa namna hiyo. Kalamu huacha ukingo mkali pande zote mbili za mfereji iliouchimba, na ukingo huo hukwanguliwa kwa chuma chenye makali matatu, kisha mchongaji hupitisha kidole kuhakikisha. Mafundi wa kazi hii waliamini vidole vyao kuliko macho, nami nadhani walikuwa na haki: jicho huchoka baada ya saa chache za kutazama mng'ao wa shaba.

Kuhusu makosa, shaba husamehe, ila hutoza. Jina likichongwa vibaya, fundi hulikwangua mpaka mifereji ifutike, na pale alipokwangua hubaki bonde. Bonde hilo lingeshika wino na kuacha kivuli. Kwa hiyo alichukua bikari yenye miguu iliyopinda, mguu mmoja akauweka juu ya kosa, mwingine ukaonyesha mahali hasa palipo nyuma yake, akaligeuza bamba na kugonga kwa nyundo ndogo kutoka mgongoni mpaka bonde likanyanyuka na kulingana na uso wote. Halafu akasugua upya, akaandika upya. Mabadiliko ya mashamba, mipaka na watawala yaliingizwa kwenye ramani nyingi kwa njia hiyo, bamba moja likipita mikononi mwa wachapaji wawili watatu kwa miongo kadhaa, huku kila jina jipya likikaa juu ya kovu la jina la zamani.

Uchapaji nao ulikuwa na ustadi wake, ingawa mchapaji alilipwa kwa heshima ndogo kuliko mchongaji. Bamba lilipashwa moto kidogo ili wino ulegee. Wino wenyewe ulikuwa masizi yaliyosagwa ndani ya mafuta ya kitani yaliyochemshwa, mzito, unaonata. Ulisukumwa ndani ya kila mfereji, kisha uso wote ukafutwa kwa kitambaa, na mwisho kabisa kwa kiganja kilichopakwa chaki. Kiganja ndicho kilichoamua. Kikifuta sana, kinanyonya wino kutoka mistari myembamba. Kikifuta kidogo, bahari inatoka na ukungu. Karatasi ya matambara ya kitani ililowanishwa, ikalazwa juu ya bamba, ikafunikwa kwa blanketi za sufu na kupitishwa kati ya magogo mawili ya mtambo kwa mbano mkubwa. Karatasi ililazimishwa kuingia mferejini ikafuate wino. Ndiyo maana ukipewa ruhusa ya kugusa ramani ya namna hii, mistari yake imeinuka juu ya karatasi kidogo tu, na pembeni kuna alama ya ukingo wa bamba iliyodidimia.

Ramani za vitabuni aghalabu zilitoka nyeusi tupu. Rangi nyingi tunazoziona leo kwenye nakala za kuuzwa zilitiwa baadaye sana na wafanyabiashara waliojua kwamba mnunuzi hupenda kijani cha miti na waridi la mipaka. Kwa ladha yangu ni hasara. Rangi huficha kalamu.

Nimekaa karakanani makusudi, kwa sababu baada ya kuijua kazi hii huwezi tena kuamini kwamba kuna kitu kilichoingia kwenye ramani ya shaba kwa kupitiwa. Mwandishi wa kitabu huweza kuropoka sentensi. Mchongaji hawezi kuropoka mtoro. Lazima mtu amchore, amgeuze, amhamishie kwenye nta, amkate, amkwangue kingo, amtie wino, na watu wote hao wanaopita katikati wamwone na waridhike naye.

Aliyeagiza yote hayo alikuwa Ligon, na maisha yake wakati huo hayakuwa ya kuonewa wivu. Alikuwa amefilisika wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, akapanda merikebu mwaka 1647 akiwa na umri wa miaka sitini hivi, akaishi Barbados kwa takriban miaka 3, akarudi mgonjwa mwaka 1650, na akajikuta London katika gereza la Upper Bench kwa sababu ya madeni. Humo ndimo alimoandika. Alikuwa mwanamuziki, mpishi wa kujivunia, na mchoraji mwenye jicho kali. Kitabu chake kina michoro ya nanasi, ya mitende, na ya kinu cha miwa kilichofafanuliwa chumba kwa chumba kiasi kwamba fundi seremala angeweza kukijenga. Kumbuka ni nani alihitaji mchoro wa kinu. Miaka hiyo ndiyo Barbados ilipokuwa inaacha tumbaku na pamba na kugeukia sukari, na mtu mwenye fedha Uingereza alitaka kujua kinu kinagharimu nini.

Ramani, hata hivyo, Ligon hakuipima mwenyewe, na anakiri hivyo bila kuona haya. Mpima aliyeijua nchi alikuwa Kapteni John Swan, ambaye miaka ya mwisho ya 1630 alikuwa amekwisha kupima kisiwa kizima. Mchoro wake ulichukuliwa na gavana wa wakati huo, Henry Huncks, akaondoka nao kwenda Uingereza. Swan alibaki na karatasi zake za kazi, Ligon akachukua alichoweza kukipata. Kwa hiyo ramani ya mwaka 1657 inaonyesha kisiwa cha karibu miaka 20 nyuma: mashamba yamejipanga upande wa magharibi na kusini penye bandari tulivu, na bara kumeachwa kwa wanyama, miti na watoro. Maneno makubwa katikati yanatangaza eka 10,000 za wafanyabiashara wa London, kundi lililopewa ardhi hiyo chini ya mamlaka ya Earl wa Carlisle, ambaye naye alikipata kisiwa kutoka kwa Mfalme Charles I mwaka 1627. Eka hizo ziligawiwa mezani London na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuliona hata gogo la mti wa kule.

Hesabu nayo ilikwenda kombo. Ligon alichukua urefu wa maili 28, akazidisha kwa upana wa wastani wa maili 14, akapata maili za mraba 392. Barbados ina kilomita za mraba 430, sawa na maili 166 hivi. Kisiwa alichokiuza kwa wasomaji wake kilikuwa kikubwa zaidi ya mara mbili ya kile kilichokuwapo. Na juu ya shaba kosa hilo lina mwandiko mzuri ajabu. Kipimo cha maili kimegawanywa vizuri, vipande vimelingana. Hapo ndipo ufundi wa nakshi unapokuwa na hatari yake: unakipa kilichosikiwa tu na kilichopimwa sura moja. Mstari wa pwani ambao Swan aliutembelea na mstari ambao mtu aliukisia ina unene mmoja.

Ngamia wenyewe si njozi za mchoraji. Waliletwa Barbados kubeba mizigo, kwa kuwa njia zilikuwa za miinuko na matope ambako mikokoteni ilikwama, na Ligon anamtaja Kapteni Higginbotham kuwa na wanne au watano. Wengi wa walioletwa walikufa kwa sababu wenyewe hawakujua kuwalisha. Mfugaji wa Wajir angewaambia mengi, lakini hakuna aliyemwuliza mfugaji. Walinunua mnyama bila kununua maarifa yake. Kuwatunza watu hawakujua pia, na hapo maarifa yalikuwapo, walichagua tu kutoyasikiliza.

Orodha moja katika kitabu inafaa isomwe huku ramani imefunguliwa pembeni. Mwaka 1647 Thomas Modyford, ambaye baadaye alikuwa gavana wa Jamaika, alinunua nusu ya shamba la William Hilliard kwa pauni 7,000. Shamba lote lilikuwa na eka 500. Ligon, aliyeishi hapo, anaorodhesha vilivyokuwamo: Waafrika 96, wanawake 3 Wahindi Wekundu na watoto wao, Wakristo 28 (ndiyo lugha yake kwa vibarua wa Kizungu waliofungwa na mkataba), ng'ombe 45 wa kazi, 8 wa maziwa, farasi dazeni moja, punda 16. Hayo yote, yakigeuzwa kuwa ramani, yanakuwa jina moja: la mwenye shamba. Kichwa cha ramani chenyewe kinasema wazi kwamba kinachoonyeshwa ni majina ya mabwana wa mashamba mbalimbali. Ufukwe wote umesimama majina hayo, moja kando ya jingine, mwandiko umeinama kidogo, herufi kubwa zina mikia. Ni kazi nzuri kweli. Mchongaji alibanwa nafasi, maana mashamba yalikuwa membamba na yamepangana, lakini hakuna jina lililopanda juu ya jingine.

Wale wawili wanaokimbia hawana jina, na bado wao ndio waliopewa miili. Mabwana hawana miili, wana herufi. Ligon anaeleza kwamba Barbados ina mapango mengi, mengine makubwa sana. Kisiwa karibu chote ni jiwe la matumbawe, na maji ya mvua yamelitoboa kwa maelfu ya miaka. Watoro walijificha humo muda mrefu, usiku wakatoka kutafuta viazi, ndizi, kuku na nguruwe, na mbwa wa kunusa walitumiwa kuwatafuta. Mapango hayamo kwenye ramani. Swan hakuyapima, na walioyajua hawakuwa na sababu ya kumwambia.

Kuna mtu mmoja mweusi ambaye Ligon alimpa jina, na huyo hayumo kwenye ramani bali kitabuni. Anaitwa Macow. Alikuwa mlinzi wa migomba, na siku moja alimkuta Ligon akipiga ala yake ya nyuzi yenye shingo ndefu. Akatazama jinsi kidole kinavyobana uzi na sauti inavyopanda kadiri uzi unavyofupishwa. Baadaye Ligon akamkuta peke yake anapanga vipande sita vya mti vilivyokatwa kwa urefu tofauti, anavigonga na kuvirekebisha mpaka vikapandana sauti. Ligon alistaajabu, akaona kwamba mtu huyu amebuni ala kutokana na kumsikiliza yeye. Msomaji wa kwetu atatabasamu. Alichokuwa anakitengeneza Macow ni marimba, na Afrika Magharibi walikuwa nazo zamani kabla ya bwana Ligon kuzaliwa. Uwezekano mkubwa zaidi ni kwamba mtu yule alikuwa anakumbuka, akitafuta kwenye miti ya ugenini sauti aliyoizoea kwao. Lakini hata kwa kutoelewa, Ligon alikuwa na uungwana wa fundi: alikaa akatazama, akaandika jinsi vipande vilivyokatwa na kupangwa. Ukurasa huo ni mzuri kuliko kurasa zake zote za sukari.

Mambo ya ramani za Barbados hayakuishia hapo. Miaka ya 1670 mpima aitwaye Richard Forde alitoa ramani yake, na kichwa chake kiliahidi kuonyesha kila parokia, kila shamba, na kila kinu, cha maji, cha upepo au cha ng'ombe, pamoja na jina la mwenyewe. Bara tupu la Ligon limetoweka. Msitu umekwisha, mashamba yamejaa mpaka mlangoni kwa kila mtu, vinu vimetapakaa kila upande. Miaka michache kabla, mwaka 1661, bunge la kisiwa lilikuwa limepitisha sheria ya watumwa iliyokuja kuigwa Jamaika na Carolina ya Kusini, na ramani ya Forde ndiyo sura ya nchi inayohitaji sheria ya namna hiyo.

Forde alikuwa Quaker, wale ambao magharibi mwa Kenya wanajulikana kwa jina la Marafiki tangu wamishonari wao walipofika Kaimosi mwaka 1902. Dini yake ilimkataza kutukuza majengo ya makanisa na silaha za vita. Basi akapima kisiwa chote, akaandika vinu vyote, na makanisa na ngome akaviacha. Gavana Jonathan Atkins alipoituma ramani hiyo London alilalamika kuhusu jambo hilo. Napenda ukaidi wa Forde, lakini siwezi kuacha kuona mahali ulipokomea: dhamiri iliyomzuia kuchora mnara wa kanisa haikumzuia kuhesabu vinu vya sukari. Marafiki wa Barbados wenyewe walimiliki watumwa, ingawa mwaka 1676 walipigwa marufuku kuwaleta kwenye ibada zao, kwa hofu kwamba watumwa wangejifunza mengi mno.

Kisha akaja William Mayo, na hapa mpenzi wa kazi safi lazima avue kofia. Alipima Barbados kuanzia mwaka 1717 hadi 1721, na ramani yake ikatoka mwaka 1722, imechongwa na John Harris. Ndiyo ya kwanza unayoweza kuilinganisha na picha ya satelaiti bila aibu. Kazi ya kupima wakati ule ilikuwa ya miguu. Mpima alikuwa na dira iliyowekwa juu ya miguu mitatu kwa ajili ya pembe, na mnyororo wa Gunter kwa ajili ya umbali: futi 66, vipande 100, takriban mita 20. Urefu huo hauonekani kuwa na maana mpaka ujue kwamba minyororo 10 ya mraba ni eka moja kamili. Mnyororo ulibuniwa ili kutembea shambani kugeuke kuwa hesabu ya ardhi papo hapo, tayari kwa mnunuzi, mrithi au mtoza kodi. Mtu mmoja anashika mwisho huu, mwingine anatangulia na mwisho ule, wanavuta mpaka ulegevu uishe, wanachomeka kijiti, wanasonga. Kwenye mteremko lazima waunyanyue uwe mlalo, la sivyo kilima kinazalisha ardhi isiyokuwapo. Ndani ya miwa iliyokomaa huoni mwenzako kabisa. Mayo alifanya hivyo kwa miaka 4 katika jua la Barbados, shamba baada ya shamba, na baadaye akahamia Virginia, ambako alishiriki kupima mpaka kati ya Virginia na Carolina ya Kaskazini mwaka 1728 na kuupanga mji wa Richmond mwaka 1737.

Juu ya shaba ya Harris hakuna ngamia wala mpanda farasi mwenye bunduki. Kuna barabara, parokia 11 zenye mipaka yake, mashamba kwa majina, pwani iliyotiwa kivuli kwa mistari mifupi ya mlalo iliyolingana kwa namna inayotia kizunguzungu ukifikiria mkono ulioichonga. Kama ramani, inaishinda ya Ligon mara mia. Lakini usafi wake una ubaridi. Mwaka 1722 watumwa walikuwa wengi kuliko Wazungu kwa mbali, watoro walikuwa bado wanakimbia, na magazeti ya miaka iliyofuata yalijaa matangazo ya kuwatafuta. Ni karatasi tu ambayo haikuwa tena na nafasi yao. Ligon alikuwa na nchi asiyoijua, akaijaza kwa alichokisikia, na kwa kuijaza akaweka ushahidi. Mayo alijua kila pembe, hivyo hakuwa na pengo la kujaza.

Utumwa ulifutwa Barbados mwaka 1834, na miaka 4 ya kile kilichoitwa uanagenzi ikafuata mpaka 1838. Watu zaidi ya 80,000 walikuwa wakishikiliwa utumwani wakati huo. Fidia ililipwa, na kama ilivyokuwa kwenye mabamba yote matatu, orodha ya waliolipwa ilikuwa ya majina ya wenye mashamba.

Mojawapo ya mashamba hayo ni Newton, katika parokia ya Christ Church, lililopata jina lake kwa Samuel Newton, mmiliki wa karne ya 17. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanaakiolojia Jerome Handler na Frederick Lange walichimba hapo, penye udongo haba na vilima vidogo ambapo plau la miwa halikuwa limepita, wakakuta makaburi ya watumwa. Inakadiriwa kwamba watu 570 hivi walizikwa pale kati ya miaka ya 1660 na 1820. Hakuna mchongaji aliyewahi kuweka alama mahali hapo.

Kaburi moja lilikuwa la mwanamume wa makamo, pengine mganga, aliyezikwa mwishoni mwa miaka ya 1600 au mwanzoni mwa 1700, yaani wakati ule ule Forde na Mayo wanapita na minyororo yao. Alikuwa na kiko kifupi cha udongo cha aina ya Pwani ya Dhahabu, na mkufu. Mkufu ule una simbi 7, ushanga wa kioo wa Ulaya, pingili za uti wa mgongo wa samaki, meno 21 ya mbwa, na akiki moja kubwa nyekundu kutoka Gujarati, nchi ya Khambhat ambayo shanga zake wafanyabiashara wa Kilwa na Mombasa walizijua karne nyingi. Simbi nazo ni za Bahari ya Hindi. Vilivukaje bahari mbili kufika kwenye shingo moja ni hadithi ndefu ya biashara, lakini mkufu wenyewe ulitungwa na mtu. Jino la mbwa ni gumu, lina mviringo, na hupasuka ukilikaza. Kila mojawapo ya meno 21 limetobolewa tundu, pingili za samaki pia, na hakuna anayeweza kufanya hivyo baada ya kazi ya kutwa shambani bila kuwa na chombo kilichonolewa vizuri, mahali pa kukaa, na mkono ambao haukuwa na haraka.